Mlio Ndani ya Mguu wa Baba

Mella, Tororo
12 Septemba 1965

Mpendwa Kaka Etyang,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hujambo huko Jinja, na kile kikohozi kimepoa? Sisi tu wazima, isipokuwa Baba, na habari zake nitakueleza zote, nisikufiche hata moja.

Baba alijikata mguu kwa jembe akisafisha zizi. Shangazi Among akaziba jeraha kwa samadi mbichi, akalifunga kwa magome ya mgomba na kulikaza sana, kama tulivyozoea. Mguu ukavimba, ukageuka rangi ya shaba. Nilipougusa, chini ya ngozi palichakarika kama makapi ya wimbi yakikanyagwa. Baba akatania kwamba kuna mgeni anatembea humo, tena hakupiga hodi. Shangazi hakucheka. Alisema huo ndio mlio uliosikika mguuni mwa ndama wetu aliyekufa kwa chambavu, ule ugonjwa wa ng'ombe wa kuvimba nyama. Kilichomuua kimehamia kwa mtu, na Baba asitolewe nyumbani kisije kikamfuata mwingine.

Mimi nilikumbuka somo la darasani. Mwalimu Specioza alitutengenezea hidrojeni kwa zinki na asidi. Ukiisogezea njiti ya moto, gesi hiyo inalipuka kwa mlio kama wa mbwa akibweka. Akasema wako bakteria wa udongoni na kwenye samadi, wasiotaka hewa, ambao hutoa gesi hiyo ndani ya nyama wanapoila. Nilimsihi Baba mpaka akakubali, na jirani yetu Okware akampakia kwenye baiskeli hadi hospitali.

Daktari alisema mguu ukatwe siku hiyo hiyo, la sivyo Baba atakufa. Baba akakataa. Mtu hazikwi vipande vipande, alisema, na neno kama hilo ni la mwana mkubwa. Nikatoka. Nikasimama nyuma ya posta, kisha nikarudi na kumwambia, "Kaka amesema kwa simu, wakate."

Sikupiga simu, Kaka.

Baba yu hai, anakula uji. Mguu tuliuzika kando ya zizi. Lakini kila jioni anasema unamwasha, na bado unachakarika. Juzi, baada ya mvua, nilikuta udongo pale umeumuka. Nikapiga magoti, nikausikia ule mlio. Nilikuwa na kiberiti mkononi. Sikukiwasha.

Mama na Shangazi wanakusalimu sana. Baba anakushukuru kila siku, na ukija Krismasi atakushukuru mbele ya ukoo mzima. Kwa hiyo nijibu upesi, kabla hajakuuliza mwenyewe: ningekupigia kweli, ungesema wakate?

Mdogo wako akupendaye,
Asio