Jina la Whitcomb Kwenye Safu ya Kwanza

Hartford, 9 Oktoba 1968

Dada Bernice mpendwa,

Jemu yako imefika salama, na mguu wa Mama unaendelea vizuri. Umeuliza habari za cheo changu. Aliyeahidiwa cheo ni Whitcomb, mkuu wangu, kwa programu niliyoihangaikia mimi miezi minane, nikiitoboa kwenye kadi ambazo kompyuta huzisoma moja moja. Jina langu alilifuta.

Wiki jana akaniambia, "Thelma, weka jina langu kwenye kadi ya kwanza, lianzie ukingoni kabisa. Wakurugenzi walione."

Lugha yetu ya programu hutanguliza alama za mkwaju na nyota, /*, kabla ya maelezo yasiyo amri, kama jina la mtu. Lakini amri zinazoendesha kompyuta zikikuta alama hizo hizo kwenye safu ya kwanza ya kadi, huelewa kwamba kadi zimekwisha. Nilijua. Nikasema, "Sawa, bwana," nikatoboa kadi kama alivyotaka.

Jumanne, mbele ya wakurugenzi, kompyuta ilisoma kadi hiyo moja ikasimama.

"Kuna nini?" akauliza mkurugenzi mkuu.

"Imefika kwenye jina la Bwana Whitcomb, ikaona kazi imekwisha," fundi akajibu. Wakacheka.

"Basi rekebisha, Whitcomb. Si umeiandika wewe?"

Aliigeuzageuza kadi huku jasho likimtoka, kisha akanitazama. Kusogeza alama nafasi moja tu kulia kungetosha. Nikachukua mkoba wangu, nikaenda kula.

Usinihubirie, Bernice. Supu ya siku ile ilikuwa tamu ajabu.

Mdogo wako asiyejuta,
Thelma