Fungu la Mshamu Chini ya Kawa

Mpendwa mshauri Bi Mwamvua, naomba msaada wako kabla mvua hazijaanza, maana mimi Mwanahawa wa Mbwera nimefika mahali sijui kama ni mke wa mtu au mjane, na jambo lenyewe ni mkate, usinicheke bibi, mkate wa kumimina, huu wetu wa mchele na tui na iliki unaopaliwa makaa juu ya kigae mpaka ukaiva chini na juu. Toka utotoni sijapenda kitu kama mkate huu, mama alikuwa akinigombeza kwa kuula kwa kuzunguka, naanza na ule ukoko wa pembeni, nazunguka mpaka kinabaki kiini kidogo, nacho nakiacha, na nilipoolewa na Mshamu naye akaniiga, tukawa tunachekana na viini vyetu sahanini.

Mume wangu alikunywa maji ya dawa pamoja na watu wa Mtawanya, wakaenda vitani upande wa Umatumbi, na kwetu mtu akiwa vitani mkewe humwekea fungu lake kila usiku wa Ijumaa, chakula kile alichokipenda zaidi, kwani ukiacha kumwekea ndiyo umemzika kwa mkono wako. Basi naoka, namkatia kipande, nakifunika kwa kawa, nalala, na asubuhi nilikuwa nampa mwanangu Mashavu akila kwa niaba ya baba yake. Lakini tangu askari wa Mdachi walipochoma ghala zetu na habari za Mshamu zikakatika, nikifunua kawa nakuta kipande kimeliwa, kimezungukwa pembeni pote, kimebaki kiini, na mlango una komeo kwa ndani vile vile nilivyoufunga, na majivu ya jikoni hayana alama ya panya wala paka, wallahi bibi.

Kwanza niliogopa, kisha nikafurahi, nifanyeje, nilijua anakuja. Mashavu hataki tena kulala kwangu, amehamia kwa bibi yake, anasema nyumba inanukia iliki hata siku nisiyooka, na ni kweli inanukia. Mama mkwe, Bi Mwanamkuu, anataka nikae eda, asema wengi waliokwenda kule hawarudi. Watu hapa wanachimba mizizi, wamekonda, mimi naamka sina njaa, nadhani ni furaha. Ila mpunga uliobaki ni wa mbegu tu, nao nimeshaanza kuutwanga, nikiendelea hatutakuwa na cha kupanda, na nikiacha nitakuwa nimemuua Mshamu, niambie bibi nishike lipi.

Mwanahawa, Mbwera

Mwanangu Mwanahawa,

Pole, pole sana, na sasa nisikilize. Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikainuka kufunga dirisha mchana kweupe, kwa hiyo usidhani nakudharau.

Lakini umeandika mambo mawili ukayatenga, mimi nayaweka pamoja. Kijiji kizima kina njaa, wewe unaamka umeshiba. Na ulaji huo wa kuzunguka, Mshamu aliuiga kwako. Anayekula fungu la mumeo ni wewe mwenyewe, usingizini, na komeo liko pale pale. Kwa hilo sikulaumu. Njaa na majonzi vikimpata mtu mmoja humwinua kitandani bila kumwamsha. Kutwanga mbegu, hapo nakulaumu, tena sana. Mtoto wako analala na njaa kwa bibi yake, wewe unamwokea mtu usiyejua aliko. Mshamu mwenyewe angekuona na kinu hicho angekwambia nini?

Habari ya eda mimi si kadhi, kamuulize mwalimu wenu. Ila usigombane na mama mkwe. Wewe hujui kama una mume, naye hajui kama ana mwana.

Fanya hivi. Leo, kabla ya magharibi, mpelekee Bi Mwanamkuu mbegu zote zilizobaki, aziweke chini ya kitanda chake. Usioke tena mpaka mvune. Mshamu mwekee sahani tupu, ifunike kwa kawa kama kawaida. Nia ndiyo fungu lake, hutakuwa umemzika. Sahani hiyo uende nayo kwa mama mkwe, ulale huko na Mashavu, na usiku wa Ijumaa ufunge mguu wako na wa Bi Mwanamkuu kwa kanga moja.

Asubuhi utaamka na njaa kama sisi sote. Utalia. Lia, kisha shika jembe.

Lakini ukiamka na utamu wa iliki mdomoni, na kanga bado imefungwa, na hakuna aliyewasha moto, basi nimekosea mimi. Hapo usiniandikie tena. Panda mbegu siku hiyo hiyo, na katika nyumba ile usirudi hata kuchukua kigae.