Sauti Yako Nimeikuta Hamburg

Mayo mpendwa,

Mwangaluka. Najua mdogo wangu Kabula atakusomea barua hii jioni akishatoka shambani, lakini huku ninakoandikia ni asubuhi, basi pokea salamu ya asubuhi. Mgongo unaendeleaje? Ng'ombe wamepata maji? Nimesikia chama cha ushirika kimefunga ghala la pamba pale Mwandoya, na sasa wanunuzi binafsi wanakuja na mizani yao wenyewe. Msikubali kupimiwa harakaharaka. Mimi mzima, ila baridi imeniingia magotini. Bado nafua mashuka ya hoteli.

Mayo, kaa vizuri kwanza. Nina habari, na sijui niiite njema au mbaya.

Juzi nikitoka kazini nilipita mbele ya duka la santuri, na dirishani nikamwona Kabula. Nikarudi nyuma. Msichana yuleyule, mwanya uleule, kwenye picha, amesimama na wanaume wenye magitaa mbele ya ukuta wa kiwanda cha kuchambua pamba. Halafu nikaliona lile gauni la maua ulilokuja kulikata ukatushonea foronya. Nikajua ni wewe.

Nikaingia. Mwenye duka, mzee mpole, akaniambia kuna kampuni ndogo imeitoa upya santuri ya bendi yenu ya jazi, kutokana na nakala moja kuukuu iliyopatikana Nairobi. Akasema watu wa hapa wanamsifu sana mwimbaji huyu. Nikageuza jalada. Nyuma wameandika kwamba alikwisha kufariki zamani.

"Huyu ni mama yangu," nikamwambia. "Yuko hai."

Akanitazama, akavua miwani. Akaiweka santuri kwenye mashine.

Mayo, unajua mimi nimekua bila kuisikia sauti yako. Uvimbe wa rovu ulipokatwa shingoni mwako, sauti ikaenda nao, nilikuwa bado nanyonya, na Kabula alikuwa hajazaliwa. Wenzetu waliitwa na mama zao kwa kelele kutoka ng'ambo ya mto. Sisi ulituita kwa kupiga makofi. Siku zote nilidhani sauti yako ilikuwa nyembamba. Kumbe ni nzito, ina mkwaruzo kidogo, na haina haraka. Nililia mbele za watu, mtu mzima mimi.

Wimbo wa tatu, kabla saksafoni haijaingia, mwanamume anapaza sauti: "Wabeja, Minza!" Anakushukuru kwa ubeti ule, kisha anapuliza. Nilimjua hapohapo. Nikamwomba mzee arudishe sindano. Akarudisha. Nikaomba tena.

"Na huyo ni nani?" akaniuliza.

"Baba yangu. Tulimzika mwaka jana."

Nilisema tulimzika, mayo, na mimi sikuwepo.

Mzee akawapigia simu wenye kampuni, akanipa niongee nao. Walifurahi mno. Mmoja akauliza, "Anaweza kuja kuimba? Ndege tutamlipia."

"Hapana. Hana sauti."

Akadhani nasema umezeeka. "Hata kidogo tu? Watu hawatajali."

"Hata kidogo. Ananong'ona."

Halafu akaomba radhi kwa kukuita marehemu, akasema jalada litachapwa upya, na akauliza waandike nini juu yako. Nikamwambia angoje, nikuulize mwenyewe. Waandike kwamba uliugua? Au kwamba uliacha tu kuimba? Au hutaki waandike lolote? Sema neno lako, Kabula aniandikie.

Nimerekodi nyimbo zote kwenye kaseti; ataileta sista mmoja anayekuja parokiani Bariadi. Ukiona itakutonesha, usiisikilize. Mwachie Kabula.

Nisalimie mjomba anayechunga kule Kimali, na shangazi wa Kiloleli, yule muuza dagaa, mwambie nimewakumbuka dagaa wake. Nisalimie na katekista aliyemwombea baba kaburini.

Jina la baba halikuwemo kwenye jalada; waliandika "mpiga saksafoni" tu. Hilo sikungoja kukuuliza. Niliwatajia herufi moja moja kwenye simu, wakanisomea, nikawasahihisha, wakanisomea tena mpaka likawa sawasawa. Udongo sikumtupia, mayo. Hilo ndilo nililoliweza.

Mwanao,
Masanja