Nilifuta Kichwa cha Tisa, Ikabaki Moja

Bi Saleha mpendwa, naomba msaada wako, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, ukishafika mwisho cheka tu. Mimi ni mwandika mabango, kibanda changu kiko Kenyatta Market katikati ya saluni mbili na jiko la nyama choma, na kama umewahi kuona bango la kinyozi upande huu wa Ngong Road ambalo herufi zake zimenyooka kama askari wa gwaride, basi huo ni mkono wangu, naitwa Ndambuki, na kwa miaka kumi na minne sikuwahi kuionea aibu kazi yangu mpaka mwezi huu.

Mwanzoni mwa mwaka matroni wa hospitali moja hapo Kinoo, mama anayeitwa Mwihaki, alikuja kwangu akitaka ubao mkubwa wa kuweka mlangoni, upande wa kushoto bei ya kila kitu, kujifungua, apendisi, uvimbe wa kizazi, kitanda na dawa zikiwa ndani ya hiyo bei, na upande wa kulia hesabu ya mwezi uliopita, wangapi walipasuliwa na wangapi vidonda vyao viliingia usaha. Nikamwuliza hiyo ya usaha ni ya nini, si mtafukuza wateja, akaniangalia juu ya miwani akasema, "Ndambuki, watu wakiyaona makosa yetu kila asubuhi, na sisi tutayaona." Nikaona huyu mama ana akili zake, nikauchora ubao, na kila mwezi ukianza nilikuwa naenda na ngazi na rangi kubadilisha zile nambari mbili, na watu wanasimama kusoma kama gazeti, na mimi hapo juu nasikia raha kweli.

Sasa mwezi uliopita matroni alienda likizo kwa binti yake Nakuru, na kabla hajaondoka akanitumia nambari kwa simu, waliopasuliwa themanini na sita, vidonda vibaya tisa. Nikaandika. Siku mbili hazijaisha nikapigiwa na meneja, kijana wa tai anaitwa Clifford, akaniambia nije Jumapili asubuhi, kuna kosa kwenye ubao, hiyo tisa ni moja, na nilipofika nikamwuliza kama matroni anajua, akasema matroni yuko likizo, halafu akaongeza kwa upole tu kwamba hospitali zingine hapa barabarani pengine ziko na tisa yao, ila hawajaibandika ukutani, na kwamba wanafungua matawi mawili na kila tawi litahitaji ubao. Bi Saleha, nilijua. Mtu hakosei tisa akaiita moja. Lakini nilipanda ngazi, na nikagundua tisa yangu ukiifuta kichwa ule mguu unabaki umesimama wima kama moja, kazi ya dakika tano, nikapewa chai na mandazi mawili nikashukuru. Halafu, kwa sababu ya tabia yangu ya kujisifu, nikapiga picha ubao nikaitupa kwenye grupu ya familia.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Mke wangu Kanini ana mdogo wake anaitwa Nzula, anakaa Jamhuri, amekuwa na uvimbe kwenye kizazi miaka miwili na anaogopa oparesheni kwa sababu mwenzake kazini alipasuliwa akakaa na kidonda miezi minne. Nzula akaiona picha. Kesho yake akaenda Kinoo mwenyewe, akasoma bei, akasoma ile moja, akapewa tarehe ya wiki tatu zijazo, akampigia dada yake kwa furaha kwamba shem ndiye amemtoa woga. Nilienda kwake nikijaribu kumgeuza bila kusema, nikamwambia Kinoo ni mbali, nikamwambia foleni ya Waiyaki Way, akacheka akaniambia, "Shem, si wewe ndiye umeandika? Mtu mmoja kati ya themanini na sita. Ni wapi kwingine wameniambia hata hiyo?" Nikaomba chai ya pili.

Kanini hajui. Nikisema, familia yote itajua mimi ni mtu wa aina gani, na matawi mawili ya Clifford nitayasikia kwa redio. Nisiposema, pengine hakuna kitu kitatokea, kwani wale sabini na saba wengine walipona vizuri. Na kuna sauti inaniambia mimi ni brashi tu, naandika ninachoambiwa, mbona nimeandika "Kinyozi Bora Nairobi" kwa vinyozi kumi na moja na hakuna aliyeniuliza ushahidi. Nifanye nini, Bi Saleha?

Ndambuki, Kenyatta Market


Bi Saleha anajibu:

Ndambuki mwanangu, nimecheka mahali ulipotaka nicheke, sasa nisikilize. Barua yako haikungoja gazeti, nilikupigia simu siku ileile niliyoisoma, na haya ndiyo niliyokwambia. Nayachapa kwa ruhusa yako, hospitali nimeiacha bila jina, kwa sababu wako wengi wanaohitaji kuyasikia.

Hilo la brashi liache. Brashi haimwulizi meneja kama matroni anajua. Wewe ulimwuliza, jibu likakuonyesha lote, kisha ukapanda ngazi. Kinyozi akinyoa vibaya nywele zinaota tena. Nzula anakwenda kulala mezani na kupasuliwa tumbo akiamini maandishi yako, na shemeji yako huyo alifanya jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi: aliuliza. Sisi tukienda kununua leso Biashara Street tunaikagua pindo na rangi mpaka muuzaji ananuna, lakini hospitalini tunaambiwa bei "inategemea" na tunavua viatu. Dada yangu Fathiya aliambiwa "inategemea" mara tatu kabla ya kutolewa nyongo, na hata leo hajui ilitegemea nini. Mmoja wetu alipopata akili ya kusoma kabla ya kulala kitandani, wewe ukampa nambari ya uongo.

Lakini usiende kumtisha. Usimwambie ile hospitali ni machinjio, kwa sababu hujui hivyo, na mimi sijui. Tisa kati ya themanini na sita ni nyingi, na matroni wako alijua ni nyingi, hata hivyo akaituma iandikwe. Clifford ana neno moja la kweli, kwamba majirani huenda wana tisa zao kimya kimya. Alichokosa kuelewa ni kwamba hospitali inayoandika tisa mlangoni imeshaanza kujitibu. Inayoifuta imeamua kubaki na ugonjwa. Wewe ulimsaidia kufuta.

Basi fanya hivi, na ufanye kwa mpango huu. Leo jioni mwambie Kanini, maana ni mdogo wake, na haifai alisikie kwa mwingine. Kesho nendeni wote wawili Jamhuri mkamwambie Nzula nambari kamili, tisa kati ya themanini na sita, na nani aliifuta, na kwa mkono wa nani. Akikukasirikia, kaa hapo ukasirikiwe, usiombe chai. Kisha mpigie Matroni Mwihaki hukohuko Nakuru. Likizo yake itaharibika kidogo, lakini jina linalochafuka kwenye ule ubao ni lake. Clifford utamwambia mwisho, kwa maneno machache: nambari yoyote utakayoiandika tena iwe imetiwa sahihi na matroni, la sivyo atafute fundi mwingine. Matawi mawili yakienda, yaende. Soko la Kenyatta lina vinyozi.

Na Nzula mwenyewe achague. Akichagua kwenda kwingine, aulize huko maswali yaleyale: wangapi mwezi uliopita, wangapi walirudi na vidonda vibaya, na kidonda kikiharibika nani analipa. Asiyetaka kujibu amekwisha kujibu.


Miezi miwili baadaye Ndambuki aliniandikia tena. Nimeipunguza barua kidogo, alikuwa amejisifu sana kuhusu herufi zake.

Bi Saleha, salamu nyingi. Nilifanya kama ulivyosema. Kanini hakupiga kelele, aliniuliza tu kama ningechora hiyo moja ingekuwa ni yeye anapasuliwa, na siku mbili chakula kiliwekwa mezani bila maneno. Nzula alisikiliza mpaka mwisho, akazima simu yake akaiweka chini, akasema, "Basi afadhali nimejua," na akaomba namba ya matroni, wala hakuniangalia.

Matroni alirudi Jumatatu bila kumaliza likizo. Aliniita na ngazi, akasimama chini na Clifford akiwa kando yake, na nikarudisha kichwa cha tisa mbele ya wagonjwa waliokuwa kwenye foleni. Mzee mmoja akauliza kulikoni, na matroni akamwambia wazi kwamba nambari ilibadilishwa, si kwa idhini yake, na haitabadilishwa tena. Halafu akaniambia niongeze mstari chini: mashine ya kuchemshia vyombo vya upasuaji imepatikana na hitilafu, inatengenezwa, upasuaji usio wa dharura umesimamishwa wiki mbili. Nilidhani watu wataondoka. Wengine waliondoka kweli. Wengi walibaki kwenye foleni, wakawa wanaulizana habari ya mashine.

Nzula alifuta tarehe yake akazunguka hospitali tatu, mbili huko mjini na moja Ngong Road. Aliuliza yale maswali. Ya kwanza walimwambia hizo ni siri za hospitali, ya pili walimwita daktari amweleze kwamba wao hawana matatizo kabisa, hata moja, na ya tatu walimpa bei tatu tofauti kwa siku moja kulingana na aliyekaa dirishani. Alirudi kwetu Jumapili akavua viatu akasema amechoka, na akamwambia dada yake kwamba kati ya hospitali nne ni moja tu iliyomwambia inauma wapi. Akampigia matroni, akaambiwa ile mashine ilishindikana kutengenezwa wakanunua mpya, na kama kidonda kikiharibika watamtibu bila malipo, na akapewa hiyo kwa maandishi yenye muhuri.

Matawi ya Clifford yalipewa mtu wa Kawangware anayetumia stika. Sina kinyongo, ingawa stika zinabanduka. Clifford mwenyewe bado yuko, ila nambari sasa zinaletwa kwangu kwenye karatasi yenye sahihi mbili.

Nilienda Kinoo wiki hii kubadilisha ubao. Waliopasuliwa, tisini na mmoja. Vidonda vibaya, vitatu. Nzula yuko nyumbani Jamhuri anatembea polepole hadi dukani na kurudi, nyuzi zimetolewa, kidonda kimekauka. Nilipokuwa juu ya ngazi nilimhesabu, Bi Saleha. Yumo kwenye wale tisini na mmoja, na hayumo kwenye wale watatu.