Picha ya Mke Wangu Akicheka

Mpendwa dada mshauri,

Pokea salamu zangu, na mimi nina shida ambayo ukiitazama juu juu utaona ni ya ukutani tu, lakini imeshaingia mpaka mezani na chumbani, kwa hiyo naomba unisome mpaka mwisho ndipo uniambie la kufanya.

Mimi ni fundi wa friji na mashine za baridi, mke wangu anashona mapazia na makava ya viti kwenye karakana moja karibu na soko, tuna binti mmoja yuko sekondari, na mwaka huu tumehamia kwenye nyumba yetu wenyewe baada ya kupanga miaka mingi, nyumba nzuri, ila sebuleni kulikuwa na ukuta mtupu unaotazamana na mlango na kila nikiingia nauona unanikodolea macho, nikawaza nimfanyie mke wangu jambo la kumshtua, nimchoreshe picha kubwa ya rangi tuitundike pale. Binti yangu ndiye aliyenionyesha kwenye simu msanii mmoja, dada anayejitegemea, yuko mji mwingine kabisa, watu wanamtumia picha za simu naye anazichora kwa mkono kwenye kanvasi halafu anazifunga vizuri na kuzituma kwa basi. Nikamwandikia, tukaelewana ukubwa, tukaelewana rangi, akaniambia nimtumie picha kadhaa za mke wangu zilizopigwa kwenye mwanga wa kutosha.

Nikatuma. Baada ya muda akanirushia mchoro wa penseli ili niukubali kabla hajaanza rangi, na kusema kweli alikuwa ni yeye hasa, pua yake, shingo yake, mpaka kile kikovu kwenye nyusi, lakini amekaza uso kama mtu aliye kwenye foleni ya benki. Nikamuuliza mbona amenuna. Akanijibu kwa upole kwamba amechora alichotumiwa, na kama ninayo picha ambayo mama anacheka nimtumie, atabadilisha.

Dada mshauri, nilikaa na simu nikapekua, nikaingia na kwenye albamu za zamani, nikamwona mke wangu amebeba mtoto, amebeba sinia, ameshika begi, amesimama mbele ya nyumba ikiwa bado matofali, kila mahali ananitazama kama mtu anayesubiri nimalize kupiga aendelee na shughuli zake, hata ile ya siku ya ndoa ameinamisha kichwa, anayecheka sikumpata. Nikaona isiwe taabu, nikamwambia msanii aongeze tu tabasamu, si ndiyo kazi yake. Akaniandikia hivi, nakunakilia neno kwa neno:

"Kaka, meno naweza kuchora. Lakini macho yake sijayaona yakicheka, nitayatoa wapi?"

Nilikasirika, sitakuficha, nikaona huyu mtoto wa watu anataka kunifundisha habari za mke wangu. Nikampigia mwenzake na mke wangu pale kazini, mama mmoja mkata vitambaa ambaye wote tunamwita Mama Mkasi, nikamwomba kwa siri anitumie picha yoyote ya mke wangu akiwa na furaha, sikumwambia ya nini. Alituma nyingi mpaka simu ikakwama. Yaani mwanamke niliyemwona mle simjui, amejitupia pazia mabegani kama joho, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, mdomo wazi, macho yamefinyika kwa kicheko, wenzake nyuma wameshika mbavu, na karibu zote yuko katikati ya duara anaigiza kitu. Nikampigia tena Mama Mkasi, nikamuuliza anaigiza nini. Akasema, "Anakuiga wewe, shemeji. Unavyoingia nyumbani jioni."

Nikambana akanieleza, kwamba eti naingia na sikai, napita chumba hadi chumba nagusa soketi, nafungua friji natega sikio kusikia inavyonguruma, nauliza nani ameacha taa ya choo, ndipo nasalimia watu. Ni kweli nafanya hivyo, mimi katika kazi yangu nimeona nyumba imeungua kwa waya mmoja, lakini sikujua kwamba kumbe ni mchezo wa kuigiza. Nikacheka na Mama Mkasi ili mambo yaishe, nikakata simu, nikachagua ile picha ambayo anacheka zaidi nikamtumia msanii, wala sikumweleza ilikotoka.

Kazi ilifika, na yule dada anajua, ukiitazama unahisi kuna mtu ameingia chumbani. Niliitundika mwenyewe mchana, jioni mke wangu akaingia, akasimama na mkoba wake begani, akaitazama muda mrefu, akaniuliza nimeitoa wapi, nikamwambia kwa Mama Mkasi. Hakupandisha sauti. Akasema, "Huyu hakai hapa." Akaishusha, akaiegesha nyuma ya kabati la nguo, uso umegeukia ukuta, akaenda kupika.

Huu sasa ni mwezi wa pili. Hatugombani, chakula napata, nguo zinapigwa pasi, nikiuliza najibiwa. Ila Mama Mkasi amenipigia kunilaumu, anasema mke wangu siku hizi akifika anainamia cherehani mpaka jioni, haigizi mtu tena, na yeye Mama Mkasi hasemeshwi zaidi ya mambo ya vitambaa. Dada yangu mkubwa anasema niirudishe picha ukutani kwa sababu mwenye nyumba ni mimi, binti yangu anasema nimwache mama yake, rafiki yangu anasema nimwambie msanii apake rangi ule mchoro wa kwanza ulionuna, tutundike huo, yaishe. Mimi nilitaka kumfurahisha tu. Naomba uniambie, hii picha niifanyeje?

Ni mimi msomaji wako,
Fundi wa Baridi


Fundi,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, kisha nikarudia. Umeuliza habari za picha. Picha haina ubaya wowote, tuiache kwanza hapo nyuma ya kabati.

Nianze na la kukutia moyo maana ukali unakuja. Wengi wakiulizwa swali kama lile na msanii wangetafuta msanii mwingine. Wewe ulikaa ukapekua, na ulichokiona umekiandika bila kukipamba. Kwa hilo nakupa heko.

Lakini uliambiwa, tena kwa adabu, kwamba kuna kitu hakionekani nyumbani kwako, nawe badala ya kujiuliza kimekwenda wapi ukaenda kukichukua kwa watu. Mkeo alikuwa na mahali pake pa kupumulia. Ukampitia kwa nyuma, ukachukua kicheko ambacho hakukupa, ukakipigilia msumari mbele ya mlango ili kila mgeni akione. Ulitaka ashukuru? Jioni ile alijua kwa mpigo mmoja kwamba siri yake unayo na kwamba aliyeitoa ni rafiki yake. Ndiyo maana na kule kazini kumenyamaza. Umemfungia mlango hata pale ulipokuwa wazi, na lawama hiyo usimtupie Mama Mkasi wala yule msanii.

Tena barua yako ni ndefu, na humo mkeo ana swali moja na maneno matatu. Msanii ulimuuliza mbona amenuna. Mama Mkasi ulimuuliza anaigiza nini. Dada yako ameulizwa, binti yako, rafiki yako, na sasa mimi. Mwenye uso hujamuuliza kitu.

Na kuna jambo naona limekupita. Kumuiga mtu mpaka wenzako washike mbavu, ni lazima uwe umemtazama sana. Mkeo anajua unavyotega sikio kwenye friji. Mwanamke aliyekuchoka kabisa hajisumbui kukutazama kiasi hicho. Likutie nguvu hilo, ila usilitumie kujitetea mbele yake.

Sasa fanya hivi. Mwombe radhi Mama Mkasi. Kisha kaa na mkeo, kwa mdomo wako, si kwa simu wala kwa kumtuma binti, umwambie kwamba ni wewe uliyeomba zile picha, kwamba mwenzake hakujua zinakwenda wapi, na kwamba ulikosea kuzichukua bila kumuuliza yeye. Mwambie unajua anakuiga na hujakasirika. Kama bado umekasirika, ngoja ikuishe ndipo useme, maana atakusoma usoni. Usimwombe acheke, wala usimwombe akuigize umwone. Ukimaliza, nyamaza, hata naye akinyamaza wiki nzima.

Jioni ukiingia, salimia kwanza, kaa chini. Soketi zitakusubiri. Muulize kazi ilikwendaje na usikilize jibu lote, hata likiwa ni habari za pazia la mtu usiyemjua. Usifanye siku moja ukaja kuniandikia kwamba haikusaidia.

Ukutani usitundike kitu, na ule mchoro ulionuna usithubutu. Dada yako mwambie umemsikia, basi. Msanii mwandikie umshukuru, alikueleza ukweli ukamkasirikia.

Picha ni ya mkeo kwa sababu uso ni wake. Mwambie hivyo mara moja, usiiulizie tena. Akiamua kuipeleka karakanani, mbebee mpaka mlangoni. Ndani usiingie.