Kibanja cha Bugene na Radhi Yako, Mama

Bugene, Karagwe

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Napiga magoti huku niliko, ingawa hunioni. Mguu uliokuwa ukikuuma umepona? Mimi ni mzima, na mkaza mwanao Zaituni ni mzima.

Mama, nikianza kumsifu Zaituni karatasi itaisha. Akicheka nasahau nilichokuwa nikisema. Akienda kuteka maji tu, nasimama mlangoni pa duka kama mtu aliyeibiwa, na wateja wananicheka.

Habari kubwa ni kwamba boma limenipa cheti cha kukaa huku. Sharti lake, nijenge nyumba na niingie humo ndani ya miezi miwili. Nisipofanya hivyo, nirudi pwani.

Nikadhani kazi imekwisha. Nilimpelekea cheti mkuu wa kijiji, mzee wanayemwita mkungu, naye akanionyesha kibanja, yaani shamba la migomba ambamo mtu hujenga. Kesho yake majirani wakaja na miti na nyasi, wananitania: "Mpwani, shika jembe kwa mikono miwili, hiyo si kalamu!"

Ndipo mkungu akaniuliza, Zaituni, mzaliwa wa huku, akinifasiria: "Ukifa, tukuzike wapi?"

Huku mtu huzikwa kibanjani mwake. Miaka yangu yote katika shule ya serikali sikufundishwa uzito wa swali hilo. Nikajibu kwa majivuno: "Kwetu Pangani, kwa wazee wangu."

Vicheko vikakoma. Mkungu akasema, "Basi wewe unapita. Anayepita tunampa pa kulala, hatumjengei." Wakaondoka, kila mmoja na mti wake begani.

Zaituni hakunikemea. Alikuwa akimenya ndizi, akaniuliza, "Na mimi nikifa, utanibeba kichwani mpaka Pangani?" Nikataka kucheka. Nilipomtazama, nikaona analia.

Mama, bila majirani hawa sitajenga, na bila nyumba boma litanirudisha. Zaituni hawezi kunifuata, maana mama yake ni kipofu na hana mwingine. Kwa hiyo nimeamua. Ijumaa, baada ya sala, nitamwambia mkungu kwamba nitazikwa kibanjani. Ningengoja ruhusa yako, lakini hata wapagazi wakienda mbio, barua hii haitakufikia kabla ya miezi miwili kwisha. Naomba radhi yako kwa jambo ambalo, ukisoma haya, nitakuwa nimekwisha kulitenda. Ukikasirika, unikasirikie mimi, si yeye. Yeye hakuniomba. Alilia tu, nami siwezi kuishi mahali ambapo hayupo.

Nisalimie shangazi aliyenilea, na mwalimu wangu wa chuoni, umwambie bado nasoma Kurani kila alfajiri. Kaka yangu Athumani msalimie sana sana. Mwambie ile nafasi aliyoniwekea kando ya kaburi la baba, asiniwekee tena.

Mimi mwanao, nikupendaye ulipo na nilipo,

Salimu