Kahawa Niliyompa Mwandishi

Jumatano, 4 Juni
Jua la leo halieleweki. Nimeanika kahawa, nimeanua, nimeanika tena. Dukani hapa Omurushaka mizani haikupumzika. Mchana akaja kijana mwandishi wa habari, katumwa na gazeti la Dar, anatafuta habari za magendo ya kahawa kuvuka mpaka. Kabla hajauliza lolote nikampa akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kifurushi kimoja cha jani la mgomba. Akakirudisha. Nikamsukumia tena mkononi. Mgeni haondoki kwangu mdomo mtupu. Kijana mpole, amekonda. Nilimhurumia.

Jumatatu, 9 Juni
Nimo gazetini. Ukurasa wa mbele, picha na jina. Eti mfanyabiashara wa Karagwe amhonga mwandishi asiandike magendo. Hongo yenyewe ni kile kifurushi! Mume wangu alicheka, kisha akaisoma tena habari yote. Mimi nina hasira.

Jumamosi, 14 Juni
Wakulima wangu wa Nyaishozi wamepita mlangoni na magunia yao, wakaenda kuuza kwa mwingine. Salamu za harakaharaka. Wanaogopa kuitwa polisi, siwalaumu. Inauma hivyohivyo.
Jirani yangu Ma Yustina ndiye pekee aliyeingia. Akakaa, akatafuna, akasema, "Kama hii ni hongo, basi mimi umenihonga tangu uolewe." Nikacheka. Halafu nikalia.

Jumatatu, 18 Agosti
Tumefungua kesi ya kashfa Bukoba. Nataka fidia, na nataka waniombe radhi ukurasa uleule wa mbele, siyo kule nyuma kwenye matangazo ya viwanja. Wakili ana sharti lake: mpaka hukumu itoke, nisimpe mtu yeyote kahawa. Upande wa pili watasema nahonga mashahidi. Ma Yustina ni shahidi, kwa hiyo yeye ndiye nimekatazwa zaidi. Bakuli la kahawa ya wageni nimelifungia kabatini.

Jumamosi, 27 Septemba
Wakwe wamekuja kutoka Rugera. Shikamoo, marahaba, ndizi na maharage, chai. Kahawa hakuna. Wazee wakatazamana. Nikaeleza habari ya wakili, wakaitikia kwa adabu. Nilitamani ardhi ipasuke. Gazeti lilinichafua kwa watu nisiowajua. Leo nimejichafua mwenyewe, sebuleni kwangu.

Jumanne, 20 Januari
Mahakamani. Wakili wangu akamuuliza yule kijana kama nilimwomba asiandike. Hapana. Kifurushi nilimpa kabla ya maswali au baada? Kabla. Ma Yustina akaeleza mgeni anavyopokewa kwetu. Kijana akainama, akatazama viatu vyake. Kumbe hata hakujua kile kitu kinaliwa. Nilienda nimejiandaa kumchukia. Nimeshindwa.

Alhamisi, 12 Machi
Nimeshinda. Gazeti linilipe fidia na liniombe radhi ukurasa wa mbele. Ma Yustina alipiga vigelegele ndani ya basi mpaka kondakta akauliza nani anaolewa. Wakulima wawili wameshapiga simu. Nashukuru. Lakini bakuli nimelitoa kabatini, nimelijaza, na leo sijampa mtu. Nasahau. Au naogopa.

Jumapili, 22 Machi
Radhi imetoka juzi, ukurasa wa mbele.
Leo baada ya kanisa kijana yule amekuja nyumbani. Hakutumwa na mtu. Akasema, "Shikamoo mama. Nimekuja kuomba radhi kwa mdomo wangu." Nikamkaribisha kiti. Bakuli liko mezani, kati yetu. Nikaongea habari za mvua. Mkono umekataa kabisa kwenda. Miezi yote ile nimeukataza, umenisikia.
Akalitazama bakuli. Akanitazama.
"Mama, naomba kahawa."
Nikamsogezea. Akapokea kwa mikono miwili, akatia mdomoni palepale. Uso ukamkunjamana kwa ukali wa kahawa. Hakutema.
Nikachukua na mimi. Tukakaa tunatafuna, mvua ikaanza.